Mbwa wa Kumfaa Kishindo

Mbwa wake wa kwanza, Kishindo alimuua akiwa usingizini. Aliyekuwa usingizini si mbwa, ni yeye. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi baada ya kazi, mchana mweupe, na kile kijibwa chenye manyoya kama pamba iliyochambuliwa kikamrukia kifuani kwa furaha ya kumwona. Mkono wa kulia ukatoka wenyewe. Alisikia kitu kikigonga ukuta, na kabla hajajua ni nini alikuwa ameshasimama, kidevu amekificha begani, ngumi zote mbili juu, akimtafuta mtu wa kupigana naye. Hapakuwa na mtu. Chini ya dirisha kijibwa kilikuwa kimelala na shingo yake imepinda vibaya, damu kidogo puani.

Alikaa naye sakafuni, kamweka mapajani, mpaka akapoa kabisa.

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na dada yake na karani wa mishahara basi. Wengine wote walimwita Kishindo, tangu enzi zake za ulingoni, kwa sababu mtu aliyepigwa naye hakuwa anateleza chini polepole, alidondoka kama gunia kutoka juu ya lori. Alivunja pua za watu, alivunja mbavu, na siku moja kwenye mazoezi alimvunja taya rafiki yake wa kufa na kuzikana. Naye alivunjwa. Katika pambano lake la mwisho alipigwa sikioni mpaka damu ikachuruzika shingoni, akaendelea kusimama kwa ukaidi tu. Kocha aliporusha taulo ulingoni, yeye alilirudisha nje kwa teke. Akashinda. Mpinzani wake alitolewa kwa machela, na mguu wake mmoja haukurudi kuwa mguu tena. Kishindo alitembea mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo, akakaa kwenye benchi, akamuuliza kocha pambano linaanza saa ngapi.

Tangu hapo alibaki na mambo mawili. La kwanza ni sauti. Sauti nene hazikumsumbua, hata ngurumo za malori ya ghala la saruji alikopata kibarua cha kupakia mifuko. Lakini sauti nyembamba na kali, kama ya kijiko kikikwangua sufuria au mtoto akilia kwa ghafla, ilimwingia kichwani kama msumari. La pili ni usingizi. Ukimgusa amelala, unapigwa. Mke wake alivumilia kwa kuhamia chumba kingine, kisha nyumba nyingine, kisha mji mwingine. Dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, alimtikisa bega siku moja ili aamke ale kabla chakula hakijapoa, akarudi kwake na kifundo cha mkono kilichovunjika. Hakulalamika. Alipopona alianza kumwamsha kwa mpini wa ufagio, mwenyewe amesimama mlangoni, na kila mara alimwambia maneno yaleyale: "Mdogo wangu, wewe si mtu wa kuamshwa. Wewe unateguliwa kama bomu."

Kijibwa kile alikuwa ameletewa na binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye alikuwa ameolewa na fundi wa kupaka magari rangi upande wa pili wa mji. Binti alisikia redioni kwamba mtu anayeishi peke yake hutulia akiwa na mnyama. Alichagua kwa macho. Alikwenda sokoni, akaona kitu cheupe, kidogo, chenye macho ya kuomba, akasema huyu ndiye. Hakuna aliyemuuliza baba yake anaishi vipi, wala yeye hakujiuliza. Aina ile ni ya kupanda mapajani na kubweka kila mlango ukigusika, na kubweka kwenyewe ni kule kwembamba. Kwa wiki kadhaa Kishindo alitembea na pamba masikioni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakusema kitu, kwa sababu zawadi ya mwanao hairudishwi. Tena alianza kumpenda. Alikuwa akimkatia nyama vipande vidogo kwa yale madole yake yaliyovimba, akijishangaa.

Baada ya kumfukia nyuma ya nyumba, alimwita binti yake akamwambia ukweli wote. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakumwangalia baba yake usoni, aliangalia zile ngumi. Akauliza, "Na ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa nimelala, mwanangu."

"Wote husema walikuwa hawajui," binti akajibu, akavuta mtandio ukafunika shavu, akaondoka. Kishindo alidhani analia kwa ajili ya mbwa. Alikaa miezi kadhaa akidhani hivyo.

Nyumba ikawa kimya kupita kiasi. Mtu akishakizoea kitu kinachopumua chumbani, kuta tupu zinamchosha. Kishindo alipolisema hilo kazini, kwa aibu kidogo, ndani ya saa moja ghala zima lilikuwa na ushauri. Aliyesema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa mchinjaji mmoja aliyekuwa akija kununua saruji ya kujengea mabanda, mtu mwenye shingo kama kisiki, aliyewahi kumwona Kishindo ulingoni na hakuwahi kuacha kulisimulia. Yeye alisema kosa lilikuwa ni kumpa simba mtoto wa paka. Mwanamume wa kazi kama huyu anataka mbwa wa kazi. Akamwambia aje nyuma ya machinjio siku ya mapumziko, atamwonyesha rotwaila wa kweli.

Kishindo akaenda. Nyuma ya machinjio palikuwa na ua wa mabati, ardhi yake imekuwa nyeusi kwa damu iliyokauka tabaka juu ya tabaka, na ndani yake wanaume kadhaa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mbwa walikuwa wamefungwa kwenye vigingi, vifua vipana, midomo imelowa, kila mmoja akivuta mnyororo kuelekea kwa mwenzake. Mchinjaji aliwafungua wawili ili mgeni aone. Walikutana katikati bila kubweka. Mmoja alishika sikio, mwingine akashika koo, na kwa muda ikasikika tu mikwaruzo ya kucha kwenye udongo, pumzi nzito, kisha mlio wa ngozi inayochanika. Sikio lilipotoka wanaume walipiga makofi.

Wakati wa kuwatenganisha, yule aliyepoteza sikio, kapofuka kwa maumivu, aligeuka akamrukia mtu wa kwanza aliyekuwa mbele yake. Mtu huyo alikuwa Kishindo. Meno yaliingia mkononi, chini ya kiwiko, yakafika kwenye mfupa. Kishindo hakupiga kelele. Alimsukuma mbwa kwa mkono uleule aliokuwa ameumwa, ndani zaidi, mpaka taya zikashindwa kufunga. Akamlalia kwa kifua, akamkaba koo kwa mkono wa pili, akabana. Mbwa alikuwa na nguvu. Kishindo alikuwa na nguvu zaidi. Aliona jicho likitoka na ulimi ukigeuka rangi, akahisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu aache ulingo, utamu fulani ukipanda kutoka tumboni, kichwa kimekuwa safi, hakuna msumari, hakuna kelele. Aliwasikia wale wanaume wakiliita jina lake kama zamani.

Akaachia. Mbwa alibaki akikohoa pembeni. Mchinjaji alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka, akasema huyo sasa ni wako, amepata mwenyewe, mchukue bure. Kishindo alifunga mkono kwa shati lake akatoka nje ya ule ua bila kuaga. Alipofika barabarani akaanza kukimbia. Hakuwa ameogopa mbwa. Alijua kwamba kama angeondoka na yule mnyama, siku moja katika nyumba yake ndogo mmoja wao angemuua mwenzake, na alijua pia kwamba angekuwa anaingoja siku hiyo kwa hamu.

Mganga wa zahanati aliyemshona na kumdunga sindano za kichaa cha mbwa ndiye aliyemwelekeza kwa Bi Filimbi. Huyu alikuwa mjane wa makamo, aliyefuga mbwa nje kidogo ya mji na kuwauzia watu aliowapenda. Walisema ni rahisi kuposa binti wa mtu kuliko kupata mbwa kwake. Filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni, na ndiyo iliyokuwa fimbo yake, kengele yake na kauli yake.

Kishindo alimkuta akifagia mabanda. Hakumkaribisha kuona mbwa. Alimkalisha kwenye kigoda akaanza kumhoji, huku anaendelea kufagia. Anaishi nyumba ya namna gani? Vyumba viwili na ua mdogo wa saruji. Anaamka saa ngapi? Alfajiri, anakimbia kidogo kwa mazoea, kisha anaenda ghalani. Anarudi lini? Mchana, na akirudi analala. Nani anakuja kwake? Dada, basi. Ana wajukuu? Bado. Anapenda mbwa wa kubembeleza? Hapo Kishindo akasita. Yule mama akaacha kufagia.

Kabla hajajibu, kwenye banda la mwisho majike mawili yakaanza kuraruana juu ya mfupa. Bi Filimbi, bila kugeuka, akapuliza. Majike yakaachana. Lakini Kishindo naye alikuwa chini, magoti kwenye vumbi, viganja vimebana masikio, na alipoinua uso, macho yake hayakuwa ya mtu anayejua alipo. Mjane hakumkaribia. Alirudi nyuma hatua mbili, akaitia filimbi ndani ya nguo, akangoja. Alipomwona amerudi akasema, "Kumbe wewe nilipaswa kukuuliza unalalaje."

Basi Kishindo akamweleza. Alimweleza kuhusu mke, kuhusu mkono wa dada, kuhusu kijibwa na kuhusu ua wa mabati, pamoja na ule utamu. Hilo la mwisho hakuwa amemwambia mtu. Mama alisikiliza kama fundi anayesikiliza gari bovu. Alipomaliza, alianza kuhesabu kwa vidole wale wasiomfaa, kwa sauti ya mtu anayechagua nyanya. Wale wa Kijerumani wenye masikio ya kusimama hapana, wale wanataka kazi na amri kutwa, na wewe mchana umelala. Wale wadogo umeshaona. Rotwaila si mnyama mbaya akilelewa, lakini wewe na yeye mtakumbushana mambo. Wa kuchunga mifugo atakula milango yako kwa kukosa shughuli. Kisha akaenda banda la pembeni kabisa, akasimama mbali na mlango, akaita kwa sauti ya kawaida, "Shemeji. Shemeji, amka."

Akatoka mbwa mrefu, mwembamba, rangi ya majivu, mbavu zinahesabika, mguu mmoja wa nyuma una kovu. Mbwa wa mbio. Alikuwa wa kuwindia sungura mpaka mtu wa kwanza aliyemmiliki alipomchapa kwa waya akiwa amelala, kwa sababu eti alichelewa kuamka. Tangu siku hiyo hagusiki usingizini. Mtu wa pili alijaribu kumpapasa, akashonwa.

"Ukimwita kwanza, ni mpole kuliko mto," mama akasema. "Usipomwita, anauma kabla hajajua ni nani. Habweki. Asubuhi atakimbia na wewe mpaka uombe maji, halafu atalala mpaka kesho. Sisemi ni mbwa mzuri. Nasema mnalingana."

Kishindo aliuliza kwa nini anaitwa Shemeji. Akajibiwa: anakuja, anakula, anachukua kochi, na huna ubavu wa kumfukuza.

Ilikuwa mara ya kwanza Kishindo kucheka mwaka ule.

Hawakuzoeana kwa siku moja. Wiki ya kwanza Kishindo alijikwaa kwa mbwa alipokuwa akienda kuchota maji, na meno yakamchana shavu la mguu kabla ndoo haijafika chini. Ngumi ilipanda. Ilibaki pale juu. Mbwa naye, alipoamka kamili na kuona alichofanya, alijikunja pembeni ya jiko akingoja kipigo, mwili mzima unatetemeka. Kishindo aliuangalia ule mtetemo, akautambua. Akateremsha mkono polepole, akaenda kuosha jeraha. Jioni ile walikula kila mmoja kwenye pembe yake, kama watu walionuniana. Kisha Kishindo akazoea kuita kabla ya kupita. Dada mtu alipofika na mpini wake wa ufagio, akawakuta wamelala, mmoja kochini na mwingine mkekani, alisimama mlangoni akawaita wote wawili, akasema ndugu yake amempata ndugu yake. Majirani walicheka kusikia kila alfajiri jitu lile likisema kwa heshima, "Shemeji, amka twende." Na ule msumari wa kichwani ulipungua kidogo.

Binti alikuja mwanzo wa msimu wa baridi, mchana, na mfuko mmoja wa nguo. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka, jicho moja limefungwa kwa uvimbe, na alikuwa akipumua kwa vipande vipande kwa sababu ya ubavu. Alisimama kizingitini, hakuingia mpaka alipouliza kama baba yake yuko macho. Kishindo alikuwa macho. Aliuangalia ule uso, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa ngumi aliusoma vizuri. Hii ya mdomo ni ya leo. Hii ya jicho ni ya jana. Hili kovu la shavuni ni la zamani, la wakati ule wa kijibwa, lililokuwa chini ya mtandio. Alichukua kofia. Binti akasimama mbele ya mlango akamzuia, akamwambia hakuja kutafuta mtu wa kupiga mtu, amekuja kutafuta pa kulala. Kishindo akairudisha kofia msumarini. Alimwonyesha chumba, akamwonyesha mbwa, akamfundisha namna ya kuwaita wote wawili. Binti alisikiliza kwa uchovu, akasema kwamba ametoka nyumba ya kunyatia akaja nyumba nyingine ya kunyatia.

Mumewe alikuja siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana, pamoja na kaka yake. Binti alikuwa anafua uani. Kishindo alikuwa kochini, usingizi wa kibarua, mdomo wazi. Mbwa alikuwa mkekani nyuma tu ya mlango.

Fundi rangi hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa bega. Alikuwa ameshika spana ndefu, na ndugu yake alikuwa nyuma yake. Binti aliwaona kupitia mlango wa uani akapiga ukelele, na huo ukelele, mwembamba na mkali, na buti la mumewe lililotua juu ya mbavu za mbwa, vilikuja kwa pamoja.

Mbwa alimshika paja kwa ndani. Hakunguruma, alishika, akatikisa kichwa mara mbili kama anavyotikiswa sungura, na suruali na nyama vikatoka pamoja. Fundi akashusha spana mgongoni mwa mnyama, ikamkosa, ikapasua saruji. Hapo Kishindo alikuwa ameshasimama kidevu begani. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa na mtu ndani. Ngumi ya kwanza ilimkuta mkwewe chini ya sikio, na taya ikahama. Kaka mtu alimwangalia nduguye akidondoka, akaangalia kilichomdondosha, akageuka akakimbia na kuacha kiatu kimoja mlangoni.

Kisha Kishindo akaamka. Aliona chumba, aliona damu, aliona ni nani aliye chini. Akapiga magoti juu ya kifua cha yule mtu akampiga tena. Mfupa wa shavu ukaitika. Akampiga tena, na meno yakamchana vidole. Ule utamu ulikuwa umerudi wote. Binti alikuwa amemshika shati kwa nyuma, anavuta kwa mikono iliyojaa povu la sabuni, na alikuwa akisema jambo moja kwa sauti ya chini, anarudia.

"Baba. Uko macho. Baba, uko macho, nakuona uko macho."

Akashusha mkono.

Polisi walimkuta amekaa kizingitini, mbwa amefungwa kamba kando yake. Fundi rangi alikuwa amepelekwa hospitali, hai, taya imefungwa kwa waya na paja limeshonwa kwa ndani na kwa nje. Askari aliyeandika maelezo alikuwa mpenzi wa ngumi, naye alimrahisishia kazi. Alimwambia: mzee, mtu kavunja mlango na chuma mkononi, wewe umelala, umeshtuka, yameisha. Ilikuwa ni kutia sahihi tu. Kishindo alitazama vidole vyake vilivyochanika.

"Ya kwanza nilikuwa usingizini," akasema. "Hizo mbili nilikuwa macho. Andika hivyo."

Kwa ajili ya hizo mbili alikaa ndani majuma kadhaa. Ofisa wa mifugo wa manispaa alimchukua Shemeji kwa uangalizi, watu wakasema huyo harudi, mbwa akionja mtu huuawa. Bi Filimbi ndiye aliyekwenda kumsemea, filimbi ndani ya nguo, akamweleza ofisa kwamba yule mtu aliyempanda na buti akiwa amelala angeumwa hata na mama yake mzazi. Ofisa alimchunguza mnyama, akamwita kwa jina, akamshika masikio, akamfungua mdomo, akaona hana ugonjwa wala ukali. Akamrudisha kwa masharti ya uzio na tangazo getini.

Binti ndiye aliyempokea. Alikuwa akimwogopa, lakini mwenye mbwa alikuwa ndani. Alimlisha akiwa amesimama, siku za mwanzo akisukuma bakuli kwa ufagio wa shangazi yake. Alfajiri mbwa alisimama mlangoni akingoja kukimbia, na kwa kuwa hakuna mwingine, binti alivaa viatu vya kazi vya baba yake akatoka naye. Alirudi amekatika pumzi, ubavu unauma. Kesho yake akatoka tena. Alikata shauri la talaka yake katika juma la pili, akaenda mahakamani mwenyewe na shangazi, na upande wa mume haukuleta wa kubisha.

Kishindo alipotoka alikuta nyumba ina uzio, na binti ana kibarua cha kupanga risiti ofisini kwa ghala lilelile. Wiki nzima walizungumza mambo ya chumvi na sabuni tu. Binti hakumshukuru, naye baba hakungoja kushukuriwa. Usiku ule wa kwanza alisikia komeo la chumba cha binti likifungwa kwa ndani, akalala akilisikia bado, na asubuhi hakuliuliza.

Siku moja, kazi imekwisha, binti alitoka uani akamkuta baba yake anapiga msumari kwenye uzio. Alisimama mbele yake akainua mikono, mkono wa kushoto mbele, vidole gumba amevifungia ndani ya ngumi kama wafanyavyo wasiojua.

"Nifundishe," akasema.

Kishindo alikataa. Alimwambia kitu hiki kina utamu, na hakitoki kikishaingia, amtazame yeye. Binti akasema ameshamtazama sana, tangu akiwa mtoto. Hataki utamu wake. Anataka tu mtu akiinua mkono, mwili wake usijikunje. Hakushusha ngumi. Mzee aliweka nyundo chini. Alimfungua vidole gumba akavitoa nje ya ngumi, akavibana mahali pake, akamsogeza mguu wa nyuma kwa ncha ya kiatu chake. Kisha akafungua viganja vyake viwili akaviweka usawa wa mabega ya mwanawe.

Binti akapiga. Ikalia kama mbao. Mbwa, aliyekuwa akiota jua, alifumbua jicho, akainuka kwa kinyongo, akaingia ndani kutafuta kochi.

"Kiuno," Kishindo akasema. "Mkono peke yake hauna kitu. Tena."

Akapiga tena, na safari hii kiganja cha mzee kilirudi nyuma.

"Tena," akasema.